Mapacha wa Buger na Mtoto wa Lilian

Modest Piusi wa kijiji cha Buger alikuwa mtu aliyechoka, na tafadhali msimchanganye na mvivu. Mvivu hachoki; atachoshwa na nini? Modest alichoshwa na kazi, na zaidi ya kazi alichoshwa na kuwa pacha. Ana miaka thelathini na minne, lakini ukimkuta shambani akipalilia mbaazi, kofia ya sufi imeshuka mpaka kwenye nyusi, utamwamkia ukidhani ni mzee. Adrian, pacha wake, ukimkuta ameegemea pikipiki yake pale mjini Karatu utadhani amemaliza shule juzi. Wavue kofia, wanawishe uso, wasimamishe bega kwa bega, na hapo hata padri aliyewabatiza atakuuliza yupi ni yupi.

Adrian alitangulia kuzaliwa kwa nusu saa. Majirani wakamwita Kulwa, na Modest akawa Doto. Shuleni Kulwa akivunja kioo, fimbo anakula Doto, kwa sababu mwalimu alimkamata wa kwanza aliyemwona na Modest hakujaliwa mbio. Jioni mama yao, Leonida, alimpaka samli mgongoni na kumwambia, "Vumilia, baba. Wewe ndiye mwenye mgongo." Akavumilia. Shida ya kuvumilia ni kwamba ukishavumilia mara moja, watu wote wanajua pa kutua mizigo yao.

Mzee Piusi alipofariki, Adrian akaenda mjini kubeba abiria kwa pikipiki, Modest akabaki na shamba na mama. Akamwoa Beatrice, binti wa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mashamba ya kahawa kule Oldeani. Mwaka wa pili wakampata Martha. Kanisani wakamfanya Modest mwenyekiti wa jumuiya, si kwa sababu ni msemaji, bali kwa sababu akiambiwa aje saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili yupo. Maisha yakaenda. Kila Jumanne na Ijumaa alipeleka kabichi, karoti na figili kwenye loji moja ya watalii nje ya mji, na getini walimtengenezea kitambulisho chenye jina na picha yake, asisumbuliwe.

Basi mavuno yalipobana, Adrian akamwambia, "Doto, nipe hicho kitambulisho, nitakupelekea mimi. Kwani picha si yangu hiyo?" Wakacheka wote wawili. Modest akampa, na hakuona kosa. Ni nani anayemnyima pacha wake msaada wa kubeba kabichi? Msimu mzima wakapokezana, wiki hii huyu, wiki ijayo yule, na mlinzi wa geti akaandika "Modest" kwenye daftari lake bila kuinua macho.

Mwaka jana, mvua za masika zikiwa zimechanganya, akaja msichana mmoja nyumbani kwao, viatu vimejaa tope jekundu, mtoto wa miezi minane mgongoni. Jina lake Lilian, Mmasai wa Endulen, kazi yake kufua mashuka pale loji. Beatrice akampa kigoda na chai, maana mgeni ni mgeni.

"Namtafuta Modest wa mboga," Lilian akasema.

"Ni mume wangu. Wameongeza oda?"

Lilian akakitua kikombe cha chai chini. Kumbe hakujua kama mwenye mboga ana mke. "Nimemletea mwanawe, dada," akasema. "Anaitwa Piusi. Aliniambia akizaliwa wa kiume tumpe jina la babu yake."

Akamfungua mtoto mgongoni. Beatrice akayaona masikio. Ukoo wa mzee Piusi una masikio yaliyosimama pembeni, makubwa, hayajifichi. Martha anayo, Modest anayo, na yule mtoto alikuwa nayo, yote mawili. Modest alipotoka shambani na jembe begani, Lilian alisimama na kumwuliza kwa sauti ya mtu aliyemzoea, "Mbona ulinikimbia?" Modest akajibu kwamba hamfahamu. Lilian akakaa chini tena, machozi yakamtoka kimyakimya, na Beatrice akawaangalia wote wawili na kuona kwamba hakuna aliyekuwa akiigiza.

Modest hakuhitaji kuambiwa. Alikwenda nyuma ya zizi akampigia Adrian simu.

"Usiniletee hayo, Doto," Adrian akasema. "Tangazo la kwanza la ndoa yangu limesomwa Jumapili. Unataka Laurencia na watu wa kwao Daa wasikie? Na wewe pale loji ulikuwa unakwenda. Au ulikuwa huendi?"

Alikuwa anakwenda. Hapo ndipo penye kidonda. Angekuwa hajakanyaga ile loji msimu ule angeapa mbele ya altare na mambo yangeisha. Lakini nusu ya zile Jumanne na Ijumaa zilikuwa zake kweli, na Beatrice alizijua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifunga mafungu ya karoti.

Beatrice hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikunja nguo za Martha moja moja na kusema, "Sijakuhukumu, Baba Martha. Nakwenda kwa baba Oldeani. Nataka nisikie kitu ambacho hakitoki mdomoni mwako wala mdomoni mwa ndugu yako. Ukikipata, njoo." Asubuhi yake akaondoka. Modest akabaki na nyumba isiyo na moshi, na Jumapili hiyo hakwenda kukomunika, maana watu wa jumuiya walishaanza kumwangalia kwa pembe ya jicho.

Wazee wakaja na dawa yao. Kwa Wairaqw wa zamani, mababu zao, kosa likikosa mwenyewe hukabidhiwa laana: wazee wanakaa pamoja, wanaitamka, na mtenda anajulikana kwa yatakayompata. Mzee mmoja akaanza kusema kitanda hakizai haramu, mwenzake akamkatisha kwamba hapa hata kitanda chenyewe hakijulikani ni cha nani. Wakacheka kidogo, cheko la watu wazima. Bibi Leonida akatoka jikoni, mkono unanuka moshi, akasimama mbele yao.

"Hawa walikaa tumboni mwangu kwenye mfuko mmoja," akasema. "Laana yenu itajuaje ni mlango upi? Mkirusha jiwe humo, mtaniulia wote wawili."

Wazee wakatazamana. Wakanywa chai yao, wakaaga.

Ndipo Modest alipofanya kosa lake, na alilifanya kwa akili timamu kabisa. Alisikia redioni habari za kupima vinasaba, kwamba siku hizi serikali inaweza kujua baba wa mtoto kwa kukwangua ndani ya shavu tu. Akawaza. Wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, Adrian alijaribu kusajili laini kwa namba ya kitambulisho cha Modest, kwa utani tu, na mashine ikamkataa mara tatu. Mashine ambayo haijawahi kufika Buger iliwatofautisha, jambo lililomshinda padri. Kama vidole vinatofautiana, Modest akasema moyoni, damu je? Damu iko ndani zaidi, lazima itajua zaidi. Akaenda mwenyewe kwa afisa ustawi wa jamii, akaomba apimwe.

Afisa alikuwa mama mmoja wa Loliondo aitwaye Naserian, mwenye miwani na subira. Alimwuliza kama kuna ndugu yake yeyote anayehusika na jambo hili. Modest akasema hapana. Barua ikaandikwa, Modest, Lilian na mtoto wakaenda Arusha, wakakwanguliwa mashavu kwa pamba, mtoto akaing'ata ile pamba na kucheka. Njiani kurudi Modest alimbeba, kwa sababu Lilian alikuwa akitapika kwa kona za gari. Mtoto akamlalia kifuani mpaka Karatu, ana jasho na harufu ya maziwa. Modest akamhurumia kama unavyomhurumia mtoto wa mtu ambaye shida zake haziko mbali kuanza.

Wiki saba zikapita. Naserian akamwita.

"Kaa, kaka Modest." Akaisoma karatasi kwa sauti ya chini: uwezekano wa yeye kuwa baba wa mtoto ni asilimia tisini na tisa nukta tisa tisa.

Modest alitikisa kichwa. Alisema hapana. Akasema tena hapana, na ya pili haikuwa na nguvu.

Naserian akaikunja karatasi. "Una ndugu wa kiume?"

"Ninaye. Pacha."

Miwani ikavuliwa, ikawekwa mezani. "Mnafanana?"

"Mama anatutofautisha."

"Nilikuuliza kama kuna ndugu anayehusika."

"Niliona haya kumtaja," Modest akasema. "Nilidhani damu itamtaja yenyewe."

Yule mama akashusha pumzi, akamweleza polepole, na hakumwonyesha dharau. Kuna mapacha wa mayai mawili, akasema. Hao ni ndugu wa kawaida, wamesafiri pamoja tu. Na kuna mapacha wa yai moja, ambalo baada ya mimba kutungwa likagawanyika likawa watu wawili. Hao vinasaba vyao ni vilevile. Modest akamkumbusha habari ya vidole na ile mashine. "Vidole vinajichora humo tumboni, kila mtoto kwa namna alivyokaa na kusukumwa," akajibu. "Vinasaba vilishaandikwa kabla hamjawa wawili. Tuchukulie kwetu, maboma mawili yanatumia chapa moja. Ukimwokota ng'ombe porini, chapa inakuambia katoka huko. Haikuambii ni boma lipi. Ng'ambo wapo wanaoweza kuchimba zaidi wakapata kitofauti kidogo. Sisi hapa hatuna hicho kipimo."

"Kwa hiyo karatasi inasema ni wangu."

"Inasema ni wako au wa ndugu yako. Na huyo binti yako wa ndoa, tukimpima na ndugu yako, karatasi itamkubali pia."

Hilo Modest hakuwahi kuliwaza hata siku moja. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi za ofisi, akakasirika. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne alimchukia Adrian waziwazi, bila kujitafutia visingizio.

Naserian akawaita wote. Adrian akaja amevaa koti la shamba lililochakaa na mabuti ya mpira, yeye ambaye hajashika jembe tangu darasa la saba. Modest akaelewa mara moja, akatamani kumcheka, cheko halikuja. Lilian aliingia na mtoto, akawakuta wamekaa kwenye benchi moja, koti kwa koti, buti kwa buti. Akasimama. Akamtazama huyu, akamtazama yule, akarudi kwa huyu.

"Ni yupi, dada?" Naserian akauliza.

"Aliyenijia mimi alikuwa anacheka," Lilian akasema. "Hawa wote hawacheki."

Naserian akamgeukia Adrian akamwuliza moja kwa moja kama alitembea na huyu msichana. Adrian akatazama sakafu na kujibu, "Aulizwe mwenye jina." Lilian akamtazama kwa muda baada ya jibu lile, nadhani alishajua, lakini kujua kwake kusingeweza kuandikwa kwenye fomu yoyote. Akasema yeye hatafuti mume. Anarudi kazini kwake. Anachotaka ni mtoto awe na jina la baba kwenye cheti, na nyumba ya kwenda shule itakapofungwa. Haikuwa kubwa, ile haja yake. Kila mtu mle ndani aliona kwamba haikuwa kubwa.

Jioni Bibi Leonida alikuwa uani akichambua maharage. Modest akavuta kigoda.

"Mchukue wewe," mama akasema, hajainua kichwa. "Adrian harusi yake imekaribia. Watu wa Daa wakisikia, hana mke. Wewe unaye tayari, atakasirika halafu atarudi. Mbebee ndugu yako."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mama naye alikuwa akiutazama kwa mbali. Modest alimwangalia akitoa kijiwe, akikitupa.

"Mama, wewe unajua ni nani?"

"Niliwajua kabla hamjawa na majina."

"Basi sema. Sema mbele ya Beatrice tu. Sikuombi zaidi."

Vidole vikasimama juu ya ungo. "Nikisema, nimempoteza mmoja. Nikinyamaza, ninao wote wawili."

"Huna wote wawili, Mama," Modest akasema, akainuka. Hakumwambia kwa ukali. Hakuwa na ukali uliobaki.

Asubuhi akapanda pikipiki ya kukodi kwenda Oldeani, na pale barabara iliposhindikana akashuka akatembea, karatasi imekunjwa mfukoni mwa shati. Ukungu ulikuwa haujainuka kwenye mibuni. Alimkuta Beatrice uani kwa baba yake, kwenye kitanda cha waya cha kuanikia, akichambua punje mbovu za kahawa. Martha akamkimbilia baba yake akamkumbatia mguu. Mzee akapokea shikamoo, akamtazama mkwe wake usoni, akamwita Martha wakaone kuku.

"Umekipata?" Beatrice akauliza.

Angeweza kusema uongo. Barabarani alilifikiria hilo, kwamba Beatrice hawezi kwenda ofisini kuuliza. Lakini akaitoa karatasi akampa, na wakati anasoma akamweleza yote, yai moja, chapa ya ng'ombe, koti la Adrian, maharage ya mama. Alipomaliza alikuwa amechoka kuliko siku ya kuvuna.

Beatrice aliikunja karatasi vizuri kwa mistari yake ileile. "Ulilala na yule msichana?"

"Hapana."

"Na huna kitu kingine cha kunionyesha."

"Sina."

Akaendelea kuchambua kahawa. Punje mbovu kushoto, nzima kulia. Modest akasimama tu, hakuambiwa akae.

"Huyo mama wa ustawi amesema Martha akipimwa na Adrian, watakubaliana," Beatrice akasema.

"Amesema hivyo."

"Adrian ameingia nyumbani kwetu mara ngapi wewe ukiwa shambani? Amekula, amelala kwenye kochi, amevaa shati lako. Hujawahi kuniuliza."

"Sijawahi."

"Na tangu uambiwe hayo, siku ngapi?"

"Sita."

"Siku sita, hujaniuliza. Umekuja mpaka hapa, Martha kakukumbatia mguu, hujaniuliza. Kwa nini?"

Modest akafikiri, maana hakutaka kujibu ovyo. "Kwa sababu uliniambia una mimba yangu," akasema. "Siku ile uliponiambia, ikaisha."

Beatrice akaacha kahawa. Alifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, na macho yakamjaa maji, ila hayakushuka.

"Basi yule mtoto mpe jina," akasema.

"Nikimpa, watasema nimekiri."

"Watasema. Kwani sasa hivi hawasemi? Ulimwazima Adrian jina lako getini kama watu wanavyoazimana jembe, hukuniuliza. Sasa litumie kwa kitu cha maana. Mtoto wa Adrian ni mtoto wako hata kama angekiri mwenyewe madhabahuni. Ungekuwa baba yake mdogo, ungemlisha. Hilo si gumu."

"Gumu ni lipi?"

 Beatrice aliingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo za Martha ambao, Modest aliona, ulikuwa umeshafungwa.

"Leo nimekuamini," akasema. "Nimekuamini, twende nyumbani. Lakini shule zitafungwa, yule mtoto atakuja, atakaa mezani kwangu na hayo masikio, na itabidi nikuamini tena. Kesho yake tena. Atakua, atapata sauti yako, atatembea kama wewe, na mimi nitakuwa nampakulia chakula huku nikikuamini upya kila siku, mpaka niwe bibi. Usidhani ni kazi ndogo, Baba Martha. Sijaianza na nimeshachoka."

Modest alitaka kusema neno la kumfaa, akalitafuta, akapata lile analolisema kwa kila mtu.

"Nitakusaidia kubeba."

"Huwezi," Beatrice akasema. "Huu ni wangu peke yangu."

Akamwita Martha, akamshika mkono, akatangulia njia ya kushuka.